Miaka Minane Bila Kufungua Mdomo

 

Nimeombwa nizungumzie meno ya wazee wenye maradhi ya kudumu: sukari, presha, moyo, figo. Nimeombwa pia nitumie lugha nyepesi, nami nitajitahidi, ingawa mazoea yangu ni mabaya. Kwa miaka ishirini na kitu nimekuwa nikizungumza na watu wasioweza kunijibu, mdomo wazi, vidole vyangu ndani, nami nawauliza habari za watoto. Leo, wazee wangu, mmekaa mbele yangu ndimi zenu zikiwa huru, na nimeshaona kule nyuma mmeanza kunong'ona. Vizuri.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa daktari kijana wa meno katika hospitali moja ya wilaya, ambayo sitaitaja kwa kuwa kosa halikuwa la jengo. Jumatatu moja akaja bibi wa rika la mama yangu mkubwa, kajitanda kanga, mkono shavuni. Gego la chini, upande wa kulia, lilikuwa limetoboka hadi kwenye kiini na siku kadhaa halikumpa usingizi. Muuguzi akampima: presha 190 kwa 110. Nikamwambia, "Bibi, presha iko juu. Siwezi kukuchoma sindano ya ganzi leo. Nenda ukatulie, ikishuka urudi." Nikamwandikia panadoli. Akanishukuru, akaondoka.

Baada ya wiki mbili akarudi. Presha ilikuwa nafuu, lakini tulipomtoboa kidole sukari ikasoma 18. "Bibi, sukari imepanda, kidonda hakitapona. Nenda kliniki wakuweke sawa kwanza." Akanishukuru tena. Shukrani za wazee wetu, jamani, zinaweza kumficha daktari ujinga wake kwa miaka mingi.

Mara ya tatu hakuja kwa miguu. Alishushwa kutoka nyuma ya pikapu ya machungwa. Shavu lilikuwa limevimba hadi shingoni, mdomo haufunguki hata upana wa kidole kimoja, na mate anayatemea kwenye ncha ya kanga kwa sababu hawezi kuyameza. Tulimpasua chini ya taya tukatoa usaha, tukamwekea dawa za mshipa na insulini, akalala wodini wiki tatu. Alipona. Nasema hivyo mapema ili msiendelee kumhurumia mkaacha kunisikiliza.

Siku ya kuruhusiwa nikaenda kitandani kwake kumwomba radhi. Akanitazama, akacheka kidogo kwa upande ule usiouma. "Mwanangu," akasema, "wewe nimekuja kwako mara tatu tu. Kule kwenye sukari nakwenda kila mwezi, huu mwaka wa nane. Wamenipima damu, wamenipima mkojo, wamenivua viatu wakatazama miguu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nifungue mdomo."

Kliniki ya sukari ilikuwa mwisho wa varanda ileile niliyokuwa nakaa mimi. Nilikwenda nikazihesabu: hatua arobaini na moja.

Mhadhara wangu wa leo ni hizo hatua arobaini na moja. Tunapouliza kwa nini wazee wagonjwa hawaendi kwa daktari wa meno, tunazungumza kana kwamba wamejificha shambani na wanahitaji kutafutwa kwa gari la matangazo. Hawajajificha. Mzee mwenye sukari au presha ndiye raia anayejulikana zaidi pale hospitalini. Ana kadi, ana siku yake, ana benchi lake, wauguzi wanajua jina la mjukuu wake. Kinachokosekana ni mtu wa kumtembeza hatua chache, au taa ndogo ya kutembea hatua hizo kwa niaba yake.

Kwanza nieleze nilipokosea, maana wengi wenu mmerudishwa hivyohivyo. Maumivu yenyewe hupandisha presha. Mtu ambaye hajalala siku nne kwa jino, ukimpima utapata namba za kutisha, na ukimpeleka nyumbani na jino lake namba hizo hazina sababu ya kushuka. Usaha nao hupandisha sukari: mwili unapopigana na vijidudu hutoa kemikali zinazoifanya insulini isisikilizwe. Nilimwambia yule bibi ashushe sukari ndipo niondoe jino, na jino ndilo lililokuwa likiipandisha. Ni kumwambia mtu azuie chungu kisitokote, wakati kuni umezikalia wewe.

Presha ikiwa chini ya 180 kwa 110, kazi nyingi za kawaida za meno zinaweza kuendelea kwa uangalifu. Ikivuka hapo, kazi isiyo ya haraka husubiri, lakini penye usaha au maumivu makali mgonjwa harudishwi nyumbani. Daktari wa meno na daktari wa presha wanazungumza siku hiyohiyo. Adrenalini iliyomo katika sindano ya ganzi inaogopwa kupita kiasi. Ni kidogo sana, na mtu anayeng'olewa jino huku anasikia maumivu atajitengenezea mwenyewe adrenalini nyingi kuliko ile ya kwenye bomba.

Sasa sukari na fizi. Hapa nitakaa kidogo, maana watu wakisikia "meno" hufikiria tundu la jino peke yake. Utando laini unaojijenga shinani mwa jino usipoondolewa hukauka ukawa ugaga, mgumu kama chokaa ya ndani ya birika. Fizi hukasirika, hutoa damu, hujitenga na jino, na pale katikati hutokea mfuko ambao mswaki haufiki. Ndani ya mfuko ule ngozi imechubuka, ni kidonda kibichi. Hakiumi. Hilo ndilo balaa lake. Husikika msemo kwamba ukikunjua vidonda hivyo vyote vya mdomo mmoja utapata ukubwa wa kiganja. Wataalamu waliokadiria kwa uangalifu walipata kidogo zaidi, sentimita za mraba kati ya 8 na 20. Chukueni uso wa kiberiti, mmekaribia.

Fikirini kidonda cha ukubwa wa kiberiti kwenye mguu wa mgonjwa wa sukari. Pale kliniki ingekuwa kelele! Angesafishwa, angefungwa, angeulizwa kwa nini amechelewa, mtoto wake angepigiwa simu. Kidonda hichohicho kikiwa mdomoni, chenye vijidudu vingi kuliko cha mguuni, mwenyewe anatema damu asubuhi kwenye karo, anafungulia maji, anakwenda zake.

Mwaka 1993 Harald Løe, mtaalamu wa fizi kutoka Norwei aliyefanya kazi Marekani, aliuita ugonjwa wa fizi athari ya sita ya kisukari, baada ya macho, figo, neva, mishipa mikubwa na vidonda visivyopona. Hoja yake ilitegemea sana uchunguzi wa Wahindi Wekundu wa kabila la Pima wa Arizona, ambao kisukari kimewaandama kuliko karibu jamii yoyote duniani. Tangu hapo tumejifunza kwamba njia ni ya pande mbili: sukari huharibu fizi, na fizi mbovu huipandisha sukari. Majaribio yaliyokusanywa na kupimwa pamoja yanaonyesha kwamba kusafisha vizuri chini ya fizi hushusha kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa karibu asilimia 0.4. Mnaofuatilia vipimo vyenu mnajua maana yake: aliyekuwa na 8.5 anaweza kuona 8.1. Si muujiza, na asiwadanganye mtu kwamba mswaki utachukua nafasi ya vidonge. Lakini iko dawa ambayo watu huinunua kila mwezi ikawasaidia kiasi hicho tu.

Kuhusu moyo nitakuwa mkweli zaidi kuliko baadhi ya mabango mliyoyaona. Watu wenye fizi mbovu wanapata zaidi maradhi ya moyo na kiharusi, hilo linaonekana katika nchi nyingi. Kwamba kutibu fizi kunazuia kiharusi, bado halijathibitishwa. Mtu mwenye fizi mbovu mara nyingi ndiye anayevuta sigara, ndiye mwenye sukari, ndiye asiye na pesa. Kumtenganisha huyo na fizi zake ni kazi ngumu. Mimi nasema tibuni fizi kwa ajili ya fizi na kwa ajili ya sukari. Moyo ukifaidika, ni ziada.

Kwa nini basi mdomo umekaa mbali na mwili? Jibu si la kitabibu, ni la kihistoria, na mimi hulipenda kwa sababu linaonyesha jinsi ukuta unavyoweza kudumu kuliko walioujenga. Mwaka 1840, katika mji wa Baltimore, Marekani, Horace Hayden na Chapin Harris walianzisha chuo cha kwanza duniani cha udaktari wa meno peke yake. Tangu hapo meno yakawa na chuo chake, mtihani wake, chumba chake na, baadaye, bima yake. Marekani walipoanzisha Medicare, bima ya serikali kwa wazee, mwaka 1965, sheria ikayaacha nje matibabu ya kawaida ya meno. Mzee wa kule anaweza kubadilishiwa valvu ya moyo kwa fedha ya umma, na kwa miaka mingi jino bovu linaloweza kuiua valvu hiyo alijilipia mwenyewe. Ni majuzi tu walipoanza kulipia meno yanayohusiana moja kwa moja na matibabu kama hayo. Waingereza walianza vizuri zaidi. Huduma yao ya afya ilipofunguliwa Julai 1948, meno yalikuwa bure, na watu walijitokeza kwa wingi kudai meno ya bandia hadi hazina ikatetemeka. Mwaka 1951 serikali ikaweka malipo kwa meno ya bandia na miwani, na Aneurin Bevan, waziri aliyeianzisha huduma ile, akajiuzulu kwa hasira. Huyo ni waziri aliyeng'olewa na meno ya watu wengine.

Ukuta huo ulifika kwetu pamoja na hospitali zenyewe. Tukaupaka rangi.

Lugha yetu nayo imesaidia. "Dawa ya jino bovu ni kung'oa," tunasema, na tunasema hivyo hata tukizungumzia siasa. Mzee aliyekua na msemo huo hana sababu ya kuja hospitali kabla jino halijafikia kung'olewa.  Uchunguzi uliofanywa Pwani na Dar es Salaam kwa watu wa miaka 50 na kuendelea ulionyesha kwamba wengi sana walikuwa wamepoteza meno, na kilichoyapoteza zaidi ni kuoza, jambo ambalo lingezibwa likaisha. Vibogoyo kabisa walikuwa wachache. Habari hiyo ya pili watu huipita haraka, nami naiona nzuri: wazee wetu bado wana meno mdomoni, yapo ya kuokolewa.

Mjomba wangu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa akinijibu, "Uzee huu, meno ya nini? Nimeshakula nyama yangu yote." Nilikuwa nacheka naye. Siku moja nikamkuta mezani. Mbele yake uji wenye sukari, mkate wa chai, wali laini na mchuzi. Ukutani kulikuwa na karatasi ya lishe kutoka kliniki: dona, mboga za majani, karanga, nyama isiyo na mafuta, matunda yenye nyuzi. Niliisoma ile karatasi mara mbili. Imeandikwa kwa mtu mwenye magego. Mjomba hakuwa mkaidi wa lishe. Alikuwa anakula vinavyopita. Asiye na magego hukimbilia vitu laini, na vitu laini jikoni kwetu karibu vyote ni wanga na sukari. Kwa hiyo mtaalamu wa lishe anamlaumu mzee, mzee anamdanganya mtaalamu wa lishe, na sukari inapanda wote wawili wakiwa na adabu zao.

Wajapani mwaka 1989 walianzisha kampeni yenye jina la namba mbili, 80 na 20: ukifika miaka 80 uwe bado na meno 20 yako mwenyewe. Wakati huo waliofikia walikuwa wachache mno. Uchunguzi wa serikali yao wa 2016 uliwakuta zaidi ya nusu. Kwa nini 20? Kwa sababu kwa hayo mtu bado anatafuna karibu kila kitu. Lengo lao halikuwa tabasamu, lilikuwa sahani.

Nirudi kwenye vidonge, maana hapa ndipo wazee wenyewe mnaweza kuwasaidia madaktari. Mkija kwa daktari wa meno, njooni na mfuko wa dawa zenu zote. Msione haya kwamba ni nyingi. Nifedipini, dawa ya presha ya zamani ambayo wengi bado mnaitumia, na ndugu yake amlodipini kwa kiasi kidogo zaidi, zinaweza kuinenepesha fizi mpaka ikapanda juu ya jino. Nimeona mama aliyedhani ana uvimbe wa saratani, amelia usiku mzima, kumbe ni kidonge. Daktari wake alikibadilisha, tukamsafisha, fizi ikarudi chini. Vidonge vya kukojoza, pamoja na baadhi ya dawa za usingizi na za ganzi za miguu, hukausha mate. Mate si maji tu. Ndiyo yanayoosha meno mchana kutwa na kuyarudishia madini. Yakikauka, meno huoza kwenye shingo, karibu na fizi, kwa kasi inayowashangaza hata wenyewe. Na mzee mwenye mdomo mkavu hufanya nini? Hunyonya pipi. Nyonyeni maji, wazee wangu, au tafuneni kijiti cha mswaki, ule wa mti wenyewe, uliotoa jina kwa miswaki yote ya dukani. Watu wa pwani walikuwa nao kabla ya dawa ya meno kuingia kwenye tyubu. Ila ncha yake ikatwe kila siku, na dawa ya meno yenye floraidi msiiache.

Wanaotumia dawa za kulainisha damu, aspirini, klopidogreli, wafarini, wana tabia moja mbaya waliyofundishwa na majirani: kuziacha wenyewe siku kadhaa kabla ya kung'oa jino. Msifanye hivyo. Damu ya tundu la jino naweza kuizuia kwa pamba, kwa uzi, kwa kukukalisha nusu saa ukiing'ata. Damu iliyoganda kwenye ubongo kwa sababu umeacha kidonge, mimi siwezi kuizuia na pamba. Anayetumia wafarini atapimwa kipimo chake cha kuganda kwa damu karibu na siku yenyewe, tukapanga naye. Wanaosafishwa damu kwa mashine kwa ajili ya figo, siku yao ya jino ni ile inayofuata usafishaji, kwa sababu dawa iliyowekwa damu isigande inakuwa imekwisha mwilini. Mwenye valvu ya moyo ya kupandikizwa anahitaji dozi moja ya dawa ya kuua vijidudu kabla ya kung'olewa, si wiki nzima. Na anayekwenda kupigwa mionzi ya shingo au taya, pale hospitali ya saratani ya Ocean Road au kwingineko, meno mabovu yaondolewe kabla ya mionzi. Mfupa uliochomwa na mionzi ukiguswa baadaye unaweza usipone.

Sasa niseme neno juu ya duka la dawa. Jino likiuma usiku, mjukuu anatumwa. Anarudi na diklofenaki na vidonge vitano vya kuua vijidudu vilivyokatwa na mkasi. Diklofenaki kwa kijana ni nafuu. Kwa mzee mwenye presha na figo zilizochoka, inapandisha presha, inazuia vidonge vya presha visifanye kazi yake, na inaminya figo. Nimekutana na wagonjwa walioongezewa dawa ya tatu ya presha, kumbe miezi sita wanameza diklofenaki kwa ajili ya gego, na kliniki hawakusema kwa sababu hawakuulizwa. Flagili, moja ya dawa hizo za kuua vijidudu, ikichanganywa na wafarini inaweza kumtoa mtu damu bila kukatwa. Karafuu ya bibi, ile ya kuweka kwenye tundu, hainitishi hata kidogo. Mafuta yake ndiyo tuliyoyachanganya miaka yote kwenye dawa ya kuzibia kwa muda. Lakini karafuu hutuliza, haizibi.

Pesa. Nilijua mtauliza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kwamba mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza atibiwe bila malipo katika vituo vya serikali, na madirisha ya wazee mnayaona. Zanzibar walikwenda mbele wakaanza mwaka 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa Tanzania Bara mwaka 2023. Yote ni mema. Lakini kwa uzoefu wangu dirisha la wazee humfikisha mtu kwenye kung'oa, kwa sababu kung'oa ni rahisi na koleo halimaliziki. Kuziba kunahitaji dawa ya kuzibia, na siku ambayo imekwisha stoo, mzee mwenye msamaha na kijana mwenye bima wanakuwa sawa: wote wanang'olewa. Meno ya bandia ni hadithi nyingine, maana yanahitaji fundi, maabara na safari nne au tano. Nauli za safari hizo hazimo kwenye msamaha wowote ninaoujua. Kipindi bima hii inapojengwa ndicho kipindi cha kusema meno ya bandia ya mgonjwa wa sukari ni chombo cha matibabu, kama fimbo ya kipofu, na si urembo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliingiza dawa ya meno yenye floraidi, saruji ya kuzibia na dawa ya fedha ya kusimamisha kuoza katika orodha yake ya dawa muhimu. Hiyo ya fedha hupakwa tu kwa kijibrashi, bila ganzi wala mashine. Huacha jino na rangi nyeusi. Mzee wa miaka 75 hajawahi kunilalamikia rangi ya gego.

Kuna jambo la hesabu pia. Mwaka 2012 nchi yetu ilifanya uchunguzi mkubwa wa maradhi yasiyoambukiza, na ndio ulioleta zile namba mnazozisikia redioni: karibu asilimia 9 wana kisukari, asilimia 26 wana presha. Waliochunguzwa walikuwa wa miaka 25 hadi 64. Angalieni hapo. Mtu akitimiza 65 alitoka kwenye hesabu. Watafiti waliokwenda wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima watu zaidi ya 2,000 wa miaka 70 na kuendelea, walikuta karibu saba katika kila kumi wana presha. Saba! Na wengi hawakujua. Tunapanga huduma za wazee kwa namba zinazoishia mlangoni mwa uzee, halafu tunashangaa kliniki imejaa.

Wauguzi wa kliniki waliomo humu wananitazama vibaya, na wana haki. Daktari, tuna wagonjwa themanini kwa asubuhi moja, unataka tuanze na meno? Siwataki muanze na meno. Nawataka, mkiwa mmemvua mzee viatu, mkamaliza miguu, mnyanyue tochi ileile juu. Muulizeni kama fizi inatoka damu, kama kuna jino linaloyumba, kama anatafunia upande mmoja. Tazameni kama kuna uvimbe, kidonda kilichopitisha wiki mbili, doa jeupe au jekundu, hasa kwa wanaotafuna tambuu na ugoro, maana popoo peke yake inatosha kuleta saratani ya mdomo. Dakika moja. Kisha andikeni kwenye kadi ya sukari neno moja: meno. Kadi hiyo ikinifikia yenye neno hilo, mzee asipange foleni upya, asifungue faili jipya. Hapo kosa litakuwa langu, na mtajua pa kunipata.

Upande wangu, nimeshaacha kumwambia mzee "rudi" bila kumpa mtu wa kumrudisha. Presha ikiwa juu nasimama mwenyewe, namshika mkono, tunatembea varanda. Ni hatua arobaini na moja, na mzee mwenye goti bovu anazifanya themanini. Tukifika namkalisha mbele ya mwenzangu, tunazungumza akisikia, tunakubaliana siku. Mara ya kwanza mwenzangu alidhani nimekuja kuazima mashine ya presha.

Kwa leo nimefika. Mtu akiniuliza swali la jino lake mwenyewe sitamjibu kutoka hapa mbele, kwa sababu silioni. Wako wauguzi wawili pale mlangoni, wana tochi, vijiti na glavu za kutosha. Wenye meno ya bandia mtayavua, mtayashika mkononi, na tutawaonyesha jinsi ya kuyasugua kwa sabuni ya kawaida. Wanaolala nayo wajitayarishe kugombezwa, fangasi hupenda sana kulala na mtu. Mnaotumia dawa za kulainisha damu semeni mapema kabla hatujagusa kitu. Tutaanza na wa Pongwe, daladala zao zinaisha mapema. Bibi, wewe wa kanga ya njano, naona umekaa karibu na mlango, basi tuanze na wewe. Njoo hapa kwenye mwanga. Fungua mdomo.